Kampuni za Ng'ambo: Biashara au Hila?

Ndugu msomaji,

Nataka leo tuzungumze juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la matajiri wakubwa wa Ulaya na Marekani, na sasa limeingia katika majumba yetu ya Mombasa, Malindi na Lamu. Nalo ni hili la mtu mwenye ghala lake hapa, wafanyakazi wake hapa na watoto wake wanaosoma hapa, kwenda kuandikisha kampuni katika kisiwa cha mbali ambacho hajapata kukitia mguu, ili faida aliyoipata hapa iandikwe kuwa ni ya huko. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu bila ya haya: "Napunguza gharama na kodi tu, Maalim. Wote wanafanya."

Sitaki kukuficha sababu iliyonitia kalamu mkononi. Mwaka 2008 alinijia mtu baada ya sala ya Laasiri, mfanya biashara wa mji wetu, mtu wa safu ya kwanza msikitini, na mkono wake ulikuwa mwepesi katika kutoa. Aliniuliza: "Maalim, nimeshauriwa nifungue kampuni ng'ambo ili nipunguze kodi. Kisharia pana ubaya?" Nami nilikuwa na darsa inaningoja. Sikumuuliza kampuni hiyo itafanya kazi gani, wala nani ataandikwa kuwa mwenyewe. Nilimjibu upesi upesi: "Mwanangu, biashara ni halali, popote uifanyapo. Hapana ubaya." Akanibusu mkono, akaenda zake.

Mwaka 2018 mtu yule alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nami nikaitwa kugawa mirathi yake. Hapo ndipo nilipoyaona matunda ya jawabu langu. Kabla sijakusimulia niliyoyaona, hapana budi kwanza tulifahamu jambo lenyewe, kwani wengi wanalisikia tu na hawajui lilivyo.

Jambo lenyewe lilivyo

Chukua mfano wa mtu anayenunua simsim Lamu na kuipeleka nje. Amenunua mzigo kwa dola 60,000, na magunia, uchukuzi na bandari vimemla dola 10,000. Mnunuzi wa nje ameukubali mzigo kwa dola 100,000. Faida yake basi ni dola 30,000, na kodi ya kampuni hapa Kenya ni asilimia 30, yaani dola 9,000.

Mtu huyu anataka kukwepa. Anaandika ankra kuwa ameiuzia simsim yake kampuni ya kisiwani kwa dola 75,000, kisha kampuni ya kisiwani inaandika ankra nyingine ya kumuuzia mnunuzi yule yule kwa dola 100,000. Kontena lenyewe linatoka Kilindini na kwenda moja kwa moja kwa mnunuzi. Kisiwani halikufika, wala hapana mtu wa huko aliyeshika hata punje moja ya simsim. Lakini vitabu vya hapa sasa vinaonyesha faida ya dola 5,000, na kodi yake ni dola 1,500. Dola 25,000 zimelala kisiwani, mahali ambapo kampuni ya namna hiyo haitozwi kodi ya mapato.

Na nani mwenye kampuni ya kisiwani? Ukitazama daftari utakuta jina la wakili wa huko, au mtu aliyekodishwa jina lake kwa ada ya mwaka. Mtu huyo huenda ameandikwa kuwa mkurugenzi wa mamia ya makampuni na hajui hata moja linauza nini. Mwenyewe wa kweli amejificha nyuma ya karatasi ya siri.

Kisha pesa zinatakiwa kurudi nyumbani, kwani mtu hawezi kula pesa zilizo baharini. Basi kampuni ya kisiwani "inamkopesha" mwenyewe dola zake mwenyewe, kwa riba! Na riba hiyo inaandikwa katika vitabu vya hapa kuwa ni gharama ya biashara ili kodi izidi kupungua. Tazama, ndugu msomaji, hila inavyomfikisha mtu. Muislamu anayekimbia kuweka akiba benki kwa kuogopa riba, anakaa katika afisi yake na kuandika mkataba wa riba baina yake na nafsi yake, akautia sahihi na akautafutia mashahidi. Nasi tunajua kuwa Mtume (s.a.w.) hakumlaani mlaji riba peke yake, bali pia mwenye kuitoa, mwenye kuiandika na wenye kuishuhudia.

Visiwa vyenye makampuni mengi kuliko watu

Usidhani kuwa haya ni mambo madogo ya watu wachache. Visiwa vya Virgin vya Uingereza, vilivyoko bahari ya Karibi, vilitunga sheria ya makampuni ya namna hii mwaka 1984. Watu wake ni makumi machache tu ya maelfu, na makampuni yaliyoandikishwa huko ni zaidi ya 300,000. Jirani zetu wa Shelisheli nao walitunga sheria yao mwaka 1994. Katika visiwa vya Cayman pana nyumba moja ya ghorofa tano iitwayo Ugland House. Wakaguzi wa serikali ya Marekani walipoitazama mwaka 2008 walikuta makampuni 18,857 yametoa anwani ya nyumba hiyo. Jiulize, wanakaa vipi humo? Jawabu ni kuwa hawakai. Ni majina katika makabati.

Mwaka 2016 zilifichuka karatasi milioni 11.5 za afisi moja ya mawakili wa Panama, zenye habari za makampuni zaidi ya 200,000 ya namna hii. Ndani yake mlikuwa na majina ya wafalme, mawaziri, wafanya biashara na wachezaji mpira, na Afrika haikukosekana. Mwaka mmoja kabla yake, kamati iliyoongozwa na Thabo Mbeki, aliyekuwa Rais wa Afrika Kusini, ilitoa ripoti kuwa bara letu linapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoka kwa njia zisizokuwa za haki, na sehemu kubwa ni katika ankra za uwongo za biashara.

Tazama lililotokea Uganda. Mwaka 2010 kampuni ya mafuta ya Heritage iliuza sehemu zake za mafuta ya huko kwa kiasi ya dola bilioni 1.45. Serikali ya Uganda ikadai kodi ya zaidi ya dola milioni 400. Karatasi za Panama zilionyesha kuwa kabla ya mauzo hayo kampuni hiyo ilihamisha uandikishaji wake kutoka Bahamas kwenda Mauritius, kwa kuwa Mauritius ina mapatano ya kodi na Uganda. Visima vilibaki Uganda pale pale, na kilichosafiri ni karatasi. Uganda ililazimika kupigania haki yake kwa miaka katika mabaraza na mahakama, mpaka London.

Hapa Kenya nako, serikali ilitia sahihi mapatano ya kodi na Mauritius mwaka 2012. Watu wakaenda mahakamani kuyapinga, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikayabatilisha kwa sababu tangazo lake halikuwekwa mbele ya Bunge kama sheria inavyotaka. Kwa hivyo wanaopiga kelele juu ya jambo hili si masheikh wakongwe peke yao.

Watu wa Jumamosi

Sasa turudi katika dini. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Suratul Aaraf habari za watu wa mji uliokuwa ufukweni mwa bahari. Walikatazwa kuvua siku ya Jumamosi, na ukawa ndio mtihani wao, kwani siku hiyo samaki walikuwa wakija juu juu wanaonekana, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wanasema kuwa watu wale walipanga hila. Walichimba mabwawa na kutega nyavu Ijumaa, samaki wakanasa Jumamosi, nao wakaenda kuwachukua Jumapili. Wakasema: "Sisi hatukuvua Jumamosi."

Wewe msomaji wa pwani unaijua kazi ya bahari. Mtu aliyesimamisha uzio wakati wa maji kupwa na akarudi kesho yake kuchukua samaki, utasema hakuvua kwa sababu maji yalipojaa yeye alikuwa amelala? Mtoto mdogo atakucheka. Na watu wale wa Jumamosi hawakuangamizwa kwa kuwa walikula samaki. Samaki ni halali. Waliangamizwa kwa kuwa walidhani Mwenyezi Mungu anatazama tarehe ya mtego na hatazami nia ya mtegaji.

Kampuni ya kisiwani ni uzio huo. Mwenye nayo anasema: "Mimi sikupata faida hapa, faida imepatikana huko." Na huko hakuna duka, hakuna mizani, hakuna mtu. Pana karatasi tu.

Hoja wanazozitoa

Nimewasikia wanaolitetea jambo hili, na ni haki tuzitazame hoja zao moja moja.

Hoja ya kwanza wanasema: "Babu zetu walifanya biashara na Maskati, Bombay na Aden, na mali zao zilikuwa ng'ambo." Ni kweli, na sisi tunajivunia. Lakini babu zetu walikuwa na wakala huko anayejulikana kwa jina na kabila, walikuwa na ghala lenye boriti na tende ndani yake, na jahazi zao ziliwasili huko kweli zikapakua. Leo mtu akifungua duka Dubai, akakodi afisi, akaajiri watu, akanunua na kuuza huko, biashara yake ni halali kama maji ya mvua, na sharia haimzuii. Hata akichagua mahali ambapo gharama na kodi ni nafuu ili akafanye kazi huko kweli, hapana ubaya. Mimi simpingi mwenye duka. Nampinga mwenye karatasi asiyekuwa na duka, akajifunika shuka ya mwenye duka. Na visiwa vyenyewe vimeona haya, kwani tangu mwaka 2019 Cayman na visiwa vya Virgin vimetia sheria inayozitaka kampuni za kazi kadha wa kadha zionyeshe kazi ya kweli inayofanyika huko. Dubai na ndugu zake nao wameanza kutoza kodi ya kampuni ya asilimia 9 tangu mwaka 2023.

Hoja ya pili wanasema: "Wanasheria wametuambia ni ruhusa." Waulize tena wanasheria wenu, na muwaambie kweli yote. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya inasema kuwa kampuni ni ya Kenya ikiwa imeandikishwa Kenya, au ikiwa uendeshaji na uamuzi wake unafanywa Kenya. Basi ukiwa wewe ndiye unayeamua kila kitu, nawe umekaa kitini pako Mombasa na kahawa yako, kampuni yako ya kisiwani ni ya hapa kwa sheria hiyo hiyo unayodai kuifuata. Ndiyo maana wanakodi mkurugenzi wa bandia huko, ili aseme kuwa yeye ndiye anayeamua. Na mtu anayetia sahihi kuwa ameamua jambo asilolijua, na wewe uliyemlipa atie sahihi, nyote wawili mna jina katika dini yetu. Ni mashahidi wa zuri. Mtume (s.a.w.) alipoyataja madhambi makubwa, alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uwongo akakaa kitako na akalikariri neno hilo mpaka masahaba wakatamani anyamaze.

Hoja ya tatu ni ya waliosoma kidogo, nao ndio wagumu zaidi. Wanasema: "Maalim, sisi ni Mashafii, na madhehebu yetu inahukumu kwa dhahiri ya mkataba. Mtu akiuza mali yake kabla ya mwaka kutimia ili akimbie zaka, zaka haimlazimu." Nawajibu kuwa mmesoma mstari mmoja na mkauruka wa pili. Maulamaa hao hao walisema zaka haimlazimu, kisha wakakikemea kitendo chenyewe. Wengi wakakiita makuruhi na wapo waliokiita haramu. Imam Ghazali katika Ihyaa ameitaja hila ya mtu anayempa mkewe mali mwisho wa mwaka ili zaka imwanguke. Akasema kuwa hiyo ni fiqhi ya dunia, na madhara yake akhera ni makubwa kupita makosa mengine. Na Imam Bukhari ameweka katika Sahihi yake kitabu kizima cha hila, akakianza kwa hadithi ya nia. Humo imo ile hadithi ya kukataza watu kuwatenga wanyama waliokuwa pamoja, au kuwakusanya waliotengana, kwa kuogopa zaka. Jamani, mtu aliyeipasua biashara moja akaifanya mbili katika karatasi kwa kuogopa kutozwa, amefanya nini kinyume cha mwenye mbuzi yule?

Hoja ya nne wanasema: "Kodi yenyewe ni ushuru wa dhulma, na Mtume (s.a.w.) amewatisha watoza ushuru." Ni kweli kuwa ushuru wa kuonea watu ni dhulma, na sijasema kuwa kila kodi ya kila serikali ni ya haki. Lakini Imam Ghazali, na baada yake Imam Shatibi wa Andalusi, walisema kuwa hazina ikiwa tupu na mahitaji ya umma yakawa ni ya lazima, mtawala anayo ruhusa kuwatoza matajiri kiasi cha kutosha haja hiyo, kwa sharti itumike mahali pake. Wewe simsim yako inapita barabara ya nani? Kontena lako linapakiwa gati la nani? Mnunuzi akikudhulumu, unakimbilia mahakama ya nani? Ukivitumia vyote hivi na ukakwepa kuvilipia, aliyebaki kuvilipia ni nani?

Nitakwambia ni nani. Ni bibi anayenunua sabuni na sukari dukani, akatozwa asilimia 16 juu ya bei na wala hajui kuwa ametozwa. Yeye hana kisiwa. Ni karani anayekatwa kodi katika mshahara kabla hajaushika. Yeye hana mkurugenzi wa kukodi. Mzigo unaoutupa wewe haupotei baharini, unaangukia vichwa vyao.

Hoja ya tano, na hii ndiyo inayopigiwa makofi barazani, wanasema: "Serikali yenyewe inaiba. Kwa nini tuipe?" Ndugu yangu, uchungu huo naujua. Nimekaa hospitali zisizokuwa na dawa na nimewaona watoto wakisoma chini. Mwizi wa mali ya umma ana hesabu yake mbele ya Mola wake, na ni wajibu wetu kumsema, kumshitaki na kumnyima kura. Lakini tangu lini wizi wa jirani ukahalalisha uwongo wangu? Kisha nitazamie jambo moja. Wakubwa hao unaowalaumu kuwa wanaiba, mali waliyoiiba wanaificha wapi? Wanaificha katika visiwa hivi hivi, kwa mawakili wa namna hii hii, katika makabati haya haya. Umekasirika na mwizi, kisha umekwenda kuweka sanduku lako katika pango lake.

Niliyoyaona katika mirathi

Sasa nirudi kwa yule ndugu yetu marehemu. Aliacha mke, mama mzee, watoto wanaume wawili na wanawake watatu. Mas-ala yake si magumu. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Ukiigawa mali mafungu 168, mke atapata 21, mama 28, kila mtoto mwanamume 34 na kila mtoto mwanamke 17. Hisabu imetimia, na ndani yake hapana aliyedhulumiwa hata fungu moja.

Nyumba tuliigawa. Duka na malori tuliyathamini tukayagawa. Lakini watu wote walijua kuwa mali kubwa haikuwa hapo. Ilikuwa kisiwani. Na kisiwani jina lake halikuwamo katika daftari. Lilikuwamo la mtu wa kukodi. Aliyekuwa na nambari za akaunti na karatasi ya siri alikuwa mtoto mkubwa peke yake, kwani babake alimwamini. Mtoto huyo akasema: "Kampuni babangu alinipa mimi." Nikamwuliza: "Mashahidi wako, mwanangu?" Akajibu: "Maalim, jambo lenyewe lilikuwa la siri; mashahidi watoke wapi?"

Nikakosa la kusema. Mahakama ya Kadhi ina mamlaka juu ya mirathi yetu hapa, lakini haiwezi kulifungua kabati la kisiwani. Kule, hisa za marehemu zinataka kibali cha mahakama ya huko huko, na mawakili wa huko, na pesa za kuwalipa. Na warithi wataomba kibali gani, ikiwa karatasi zinasema kuwa baba yao hakuwa na kitu? Kwa miaka 10 yeye mwenyewe alitia sahihi kuwa mali ile si yake. Karatasi ile ilitii. Ilimwambia mtoza kodi kuwa mali si ya mtu yule, kisha ikawaambia mjane wake, mama yake na mabinti zake maneno hayo hayo.

Mama mzee aliniuliza mbele ya wote: "Maalim, mwanangu alikuwa tajiri ama hakuwa?" Nami niliyesoma vitabu vya faraidhi tangu ujana wangu sikuweza kumjibu.

Halafu nikauliza juu ya zaka. Karani wake akaniambia kuwa marehemu alikuwa akitoa zaka ya mali ya dukani kila Ramadhani bila ya kukosa, lakini pesa za kisiwani hakuzihesabu. Alikuwa akisema: "Zile si zangu, ni za kampuni." Subhanallah! Uwongo alioutunga kwa ajili ya mtoza kodi, mwishowe aliusadiki mwenyewe mbele ya Mola wake. Deni hilo la mafakiri amekwenda nalo, na mwenye uwezo wa kulilipa anasema kuwa mali ni yake.

Na jambo linaweza kuharibika zaidi ya hapo. Katika visiwa vya Virgin, kampuni isiyolipa ada yake ya mwaka hufutwa katika daftari, na mali ya kampuni iliyokwisha kuvunjwa huwa ya Taji, yaani ya serikali. Mtu amekimbia kuipa serikali ya kwao asilimia 30, huenda akafa na mali yote ikaingia kwa serikali asiyoijua hata bendera yake.

Nasaha yangu

Ndugu msomaji, hii ndiyo hoja yangu, na kodi ni sehemu yake moja tu. Karatasi uliyoifundisha kusema uwongo haichagui wa kumdanganya. Leo itamdanganya mkaguzi, na kesho itawadanganya mshirika wako, mdai wako, mafakiri wenye haki katika mali yako, na mwisho watoto wako wakiwa mayatima. Huwezi kuijengea mali ukuta wa kumzuia mtu mmoja tu. Ukuta huzuia wote.

Basi uliye na kampuni ya namna hii, usingoje. Mwambie mkeo. Waambie watoto wako wote, wanaume na wanawake, uandike na ushuhudize kuwa mali ile ni yako. Itolee zaka ya miaka iliyopita, kwani deni la zaka halifutiki kwa kupita miaka. Nenda kwa mhasibu mcha Mungu akusaidie kuirudisha mali mahali pake na kuweka mambo sawa na serikali. Utalipa, na utaumia, lakini maumivu ya mkoba ni mepesi kuliko maumivu ya kaburi. Na unayetaka kupunguza gharama, sheria yenyewe ina nafuu zake zilizo wazi. Zidai kwa haki, mchana kweupe, na weka vitabu vyako vizuri.

Nawe mke wa mfanya biashara, usione haya kumwuliza mumeo: "Mali yetu iko wapi, na kwa jina la nani?" Swali hilo si utovu wa adabu. Ni haki yako na ya watoto wako.

Nasi tunaoitwa masheikh tuna letu. Katika mji ule wa Jumamosi watu walikuwa makundi matatu. Wako waliotega, wako waliowakataza, na wako walionyamaza na kuwaambia wenzao: kwa nini mnajisumbua kuwaidhi? Waliokataza walijibu kuwa wanataka kuwa na udhuru mbele ya Mola wao. Mimi mwaka 2008 sikuwa hata katika walionyamaza. Nilimwambia mtegaji kuwa hapana ubaya. Leo nasema kwa kalamu yangu, na kila aliyenisikia siku ile na anisikie leo: ubaya upo, na nilikosea.

Ewe Mola wetu, mrehemu ndugu yetu yule, ulainishe moyo wa mtoto wake awape wenziwe haki yao, utusamehe sisi tuliojibu bila ya kuuliza, na uturuzuku mali ambayo tukiulizwa ni ya nani tutaweza kujibu. Amin.

Wallahu aalam.